Risasi Iliyovuliwa Koti

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni metali: ile nzito, laini, ya kijivu, ambayo wavuvi huifunga kwenye nyavu ili zizame. Risasi ni pia kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Neno tulilipata kwenye Kiarabu, ambako maana ya kwanza ni ya metali, na kwa muda mrefu hapakuwa na haja ya kutenganisha maana hizo mbili, kwa sababu kilichotoka kwenye mtutu kilikuwa risasi tupu, mwanzo hadi mwisho.

Mwishoni mwa karne ya 19 mambo yalibadilika. Ilikuja baruti mpya isiyotoa moshi, yenye nguvu kuliko ile ya zamani, na ilisukuma risasi kwa kasi ambayo metali laini haikuihimili. Ilikwanguka na kuacha uchafu ndani ya mtutu. Mafundi wakaivika koti la metali ngumu, mchanganyiko wa shaba na nikeli. Tangu hapo ndani kukawa na risasi, nje koti. Sheria ya kimataifa ninayotaka kuizungumzia, ukiiondolea lugha yake ya kidiplomasia, inauliza swali la fundi cherehani: koti limefunika kiini chote, au limeacha sehemu wazi?

Nimetumia sehemu kubwa ya mwaka wangu wa pili wa uzamili nikisoma swali hilo. Wenzangu wanaandika tasnifu kuhusu vijiji vya ujamaa, mashamba ya mkonge, bendi za dansi. Mimi nikiulizwa najibu "risasi", na mara nyingi mtu hutafuta mada nyingine ya kuongea.

Risasi yenye koti kamili hupita. Huingia kwa tundu dogo na, isipokutana na mfupa, aghalabu hutoka kwa tundu lisilozidi sana lile la kwanza. Babu yangu mdogo, yaani mdogo wake babu mzaa baba, alipigwa risasi ya paja katika vita vya Kagera mwaka 1979. Kovu la mbele ni kama punje ya harage. La nyuma ni kubwa kidogo. Alitibiwa, akapona, akarudi shambani, na wajukuu wakimdadisi huwaambia kwamba ilipita tu kusalimia.

Kusalimia na kupita ndiko kulikowakera maofisa wa Kiingereza huko India. Mwaka 1895 walipigana Chitral, kwenye milima ya mpaka wa kaskazini-magharibi ambayo leo iko Pakistan. Askari wao walikuwa na bunduki mpya ya Lee-Metford, yenye mtutu wa milimita 7.7 na risasi iliyovikwa koti. Bunduki ya kabla yake, Martini-Henry, ilirusha donge la risasi tupu lenye kipenyo cha zaidi ya milimita 11. Malalamiko yakaanza: adui anapigwa na bado anakuja. Jeraha ni dogo mno, mtu haanguki.

Karibu na Calcutta, ambayo leo ni Kolkata, palikuwa na kiwanda cha silaha cha jeshi mahali panapoitwa Dum Dum. Ofisa mmoja wa hapo, Kapteni Neville Bertie-Clay, alipata suluhisho rahisi hadi linatisha. Alilikata koti kwenye ncha, kidogo tu, kiini kikachungulia. Risasi ya namna hiyo ikigonga nyama, ncha laini hubonyea, koti hupasuka, na kiini hutanuka mfano wa uyoga. Haipiti kusalimia. Inabaki ndani, au ikitoka inatoka na sehemu ya mtu. Ilitumika kwenye vita vya Tirah mwaka 1897 na 1898, na jina la mtaa likawa jina la risasi. Uingereza kwenyewe walitengeneza toleo lao, Mark IV, ambalo badala ya kukatwa ncha lilitobolewa tundu mbele.

Kisha mambo yakahamia Afrika, na hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa makini zaidi. Mapema mwaka 1898, kikosi cha Waingereza kilikuwa kimepiga kambi kando ya Nile kikisubiri kupigana na jeshi la Mahdiya. Risasi za ncha mpya hazikuwa zimewafikia. Walikuwa na zile za kawaida zenye koti kamili. Kamanda wao, Jenerali Gatacre, akaamuru wazisugue ncha wenyewe. Nimejaribu mara kadhaa kuiona kambi ile: mamia ya vijana wameketi kwenye mchanga, kila mmoja na tupa yake, wanapunguza ncha za risasi moja moja kama wanaonoa penseli, siku baada ya siku. Hakuna kitu katika utafiti wangu kilichonikaa kichwani kuliko sauti hiyo ambayo sikuisikia. Kazi ilikuwa ya subira na utulivu, na kila aliyeifanya alijua inafanywa kwa ajili ya nini. Mwezi Aprili walizitumia Atbara.

Tarehe 2 Septemba mwaka huohuo ikaja Omdurman. Upande wa Khalifa waliuawa watu wasiopungua 10,000 katika asubuhi moja. Upande wa Kitchener hawakufika 50. Mwanahistoria anapaswa kuwa mwangalifu hapa. Mizinga, boti za kivita mtoni na bunduki za Maxim zilifanya kazi kubwa, na vikosi vya Wamisri na Wasudani vilivyokuwa na Kitchener bado vilibeba Martini-Henry za zamani. Si haki kuitwisha Mark IV mauaji yote ya siku ile. Lakini ilikuwepo, mikononi mwa Waingereza, na haikuwa imekatazwa na mtu.

Kulikuwa na sheria moja tu ya kuigwa. Mwaka 1868, mjini Saint Petersburg, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuacha kutumia risasi zinazolipuka zenye uzito usiofika gramu 400. Warusi walikuwa wametengeneza risasi ya kulipua magari ya baruti, kisha wakaiboresha hadi ikaweza kulipuka hata ikigonga kitu laini, mwili wa mtu kwa mfano, na wao wenyewe wakashtuka. Utangulizi wa tamko lile una wazo ambalo bado linafundishwa kwa wanasheria: lengo halali la vita ni kulidhoofisha jeshi la adui, na kwa hilo inatosha kumwondoa mtu vitani, kumwongezea maumivu baada ya hapo hakuna kazi. Ila risasi ya Dum Dum hailipuki. Inatanuka.

Wajerumani ndio waliopiga kelele zaidi. Mwaka 1898 daktari mpasuaji wa Tübingen, Profesa Paul von Bruns, alichapisha matokeo ya majaribio ya kupiga maiti kwa risasi za ncha laini. Majeraha yalikuwa ya kutisha na magazeti yakayashika. Waingereza walijibu kwamba profesa alitumia risasi za kuwindia, zenye kiini kilicho wazi zaidi kuliko za Dum Dum. Katika hilo walikuwa sahihi. Sijui kama msomaji anaona nilichokiona mimi: mabishano ya kitaalamu, ya watu wenye elimu, kuhusu urefu wa kipande cha metali kilichoachwa wazi, huku hakuna anayemtaja mtu ambaye kipande hicho kinamwendea.

Ndipo likaitishwa lile kongamano la amani la Hague, kwa mwaliko wa Tsar Nicholas II, kuanzia Mei hadi Julai 1899. Nchi 26 zilihudhuria. Uajemi ilikuwepo, Siam ilikuwepo, China na Japani zilikuwepo. Kutoka Afrika hakuna. Suala la risasi lilipofika mezani, mjumbe wa kijeshi wa Uingereza, Meja Jenerali Sir John Ardagh, alisimama kuitetea risasi ya nchi yake. Kumbukumbu za kikao zipo na zinasomeka kwa urahisi, jambo ambalo wakati mwingine natamani lisingekuwa hivyo.

Hoja yake, kwa maneno yangu, ilikuwa hii. Katika vita vya mataifa yaliyostaarabika, askari akipigwa risasi ndogo anajua ameumia, anajilaza, anasubiri machela, anapelekwa kwa madaktari. Mshenzi hafanyi hivyo. Mshenzi akitobolewa hata mara kadhaa anaendelea kukimbia na mkuki wake, na kabla hujapata nafasi ya kumweleza kwamba anavunja utaratibu unaopaswa kufuatwa na majeruhi, keshakukata kichwa. Kwa watu wa aina hiyo, alisema, inahitajika risasi inayosimamisha.

Niliisoma kwenye semina, na darasa zima lilicheka kwenye ule mstari wa kumweleza majeruhi utaratibu. Ardagh alikusudia watu wacheke. Ni mzaha wa ofisa, wa baada ya chakula. Kisha dada mmoja aliyekaa nyuma akauliza kwa upole, "Huyo mkimbiaji ni nani?" Kicheko kikaisha.

Wajumbe wa Hague hawakukubaliana na Ardagh. Walipitisha tamko la kukataza risasi zinazotanuka au kubonyea kirahisi ndani ya mwili wa binadamu, kwa mfano zile ambazo koti lake halifuniki kiini chote au limechanjwa. Jina la Dum Dum halikutajwa, kwa adabu. Uingereza na Marekani ndizo pekee zilizopiga kura ya kupinga. Ureno haikuchukua upande. Mjumbe wa Marekani, Kapteni William Crozier, alisema kwamba tamko linaeleza ushonaji wa koti badala ya kueleza jeraha, kwa hiyo kesho mtu atabuni risasi mbaya zaidi yenye koti kamili. Huwa naona tabu kukubaliana naye, lakini alikuwa na hoja, na nitaonyesha kwa nini.

Vitabu vingi vinaishia hapo: ubinadamu ulishinda, Uingereza ikabaki peke yake na rafiki mmoja. Lakini tamko lina aya fupi mwishoni. Linasema kwamba linazifunga tu nchi zilizolitia saini, na pale tu zinapopigana zenyewe kwa zenyewe. Na kama nchi ambayo haikusaini itajiunga upande mmoja wa vita, tamko linakoma kufanya kazi. Isome tena ukiwa umekaa Omdurman. Ardagh alishindwa kwenye kura, lakini mgawanyo wake wa watu, wanaojilaza na wasiojilaza, uliandikwa kwenye aya ya mwisho na wale wale waliompinga.

Uingereza yenyewe ilithibitisha jambo hilo bila kulazimishwa. Miezi michache baadaye, Oktoba 1899, iliingia vitani na Makaburu wa Afrika Kusini. Haikuwa imesaini chochote. Hata hivyo Mark IV iliwekwa kando na vita vikapiganwa rasmi kwa risasi yenye koti kamili. Kulikuwa na sababu ya kiufundi pia, kwa kuwa Mark IV ilikuwa na tabia mbaya ya kuacha koti lake ndani ya mtutu wakati wa joto. Lakini joto lilikuwepo Sudan vilevile. Uingereza ilijiunga na tamko mwaka 1907.

Ujerumani, ambayo ilikuwa mbele kuilaani Dum Dum, ilisaini na kuridhia mapema. Sasa twende kwetu. Mama yangu ni mtu wa Songea, na kila Februari wazee huko wanawakumbuka walionyongwa mwaka 1906. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 kwenye vilima vya Umatumbi, miaka sita kamili baada ya tamko la Hague. Askari wa jeshi la Kijerumani walibeba bunduki za Mauser za mwaka 1871, zilizokwishapitwa na wakati Ulaya, zinazotumia baruti ya moshi na kurusha donge la milimita 11 lisilo na koti lolote. Risasi kwa maana zote mbili za neno letu. Hapakuwa na ukiukaji wa sheria. Wamatumbi, Wangoni, Wapogoro na Wambunga hawakuwa nchi iliyosaini.

Kila mwanafunzi wa Tanzania anajua kuhusu yale maji: Kinjeketile wa Ngarambe, maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na mtama, ahadi kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Na kila darasa lina mwanafunzi anayeguna. Nimeisikia miguno hiyo tangu sekondari, na wakati mwingine inaambatana na sauti ya huruma, ambayo ni mbaya zaidi. Iweje watu wazima waamini kwamba mwili wa mtu hautaangushwa na risasi?

Lakini nimekaa na kumbukumbu za Hague muda wa kutosha kujua kwamba si wao peke yao walioamini hivyo. Jenerali wa Kiingereza, mkuu wa ujasusi wa kijeshi, alisimama mbele ya wanadiplomasia wa nchi 26 na kueleza kwamba kuna binadamu ambao risasi ya kawaida haiwaangushi. Alisema hivyo kwa uhakika. Kwa kweli mtu yeyote aliyejazwa hofu, hasira au imani anaweza kukimbia hatua nyingi akiwa na tundu la milimita 7.7 mwilini, Mngoni au Mwingereza. Daktari yeyote wa vita angeweza kumwambia. Imani zile mbili zilihusu mwili uleule. Kinjeketile alitaka mwili huo usiumie. Ardagh alitaka uumie zaidi. Ya kwanza tunaisoma chini ya kichwa cha habari "ushirikina", na ya pili iko kwenye historia ya sayansi ya silaha. Kinjeketile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa havijamaliza hata mwezi.

Sitaki kuufanya mlinganisho huo ubebe zaidi ya uwezo wake. Walio wengi waliokufa Majimaji hawakufa kwa risasi ya aina yoyote. Walikufa kwa njaa, baada ya mashamba na maghala kuchomwa kwa makusudi. Njaa haikuwa na tamko.

Kuhusu Crozier. Mwaka 1910 Uingereza, ambayo sasa ilikuwa imejiunga na tamko, ilitoa risasi mpya ya Mark VII. Ilikuwa na koti kamili kutoka ncha hadi pembeni. Ila chini ya koti, sehemu ya mbele ya kiini ilikuwa ya alumini, ambayo ni nyepesi, na risasi nzito ikabaki nyuma. Hewani inakwenda sawa. Ikiingia kwenye nyama inapinduka, kwa kuwa mkia wake ni mzito kuliko kichwa, na inapasua ubavuubavu. Kwa herufi ya tamko ilikuwa halali kabisa. Mwaka 1914 vita vikuu vilipoanza, Kaiser na Rais Poincaré wa Ufaransa kila mmoja alimlalamikia Rais Wilson wa Marekani kwamba upande wa pili unatumia dumdum. Neno lilikuwa limeshakuwa tusi. Miaka ya 1970, baada ya Vietnam, Wasweden walijaribu kuzibana pia risasi ndogo zenye kasi kubwa zinazopinduka na kuvunjika mwilini. Waliambulia azimio la kuhimiza utafiti.

Aya ya mwisho ya tamko, ile ya wenyewe kwa wenyewe, iliishi kwa namna moja au nyingine zaidi ya karne. Mkataba wa Roma wa mwaka 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, uliifanya risasi ya kutanuka kuwa uhalifu wa kivita, lakini katika vita kati ya nchi na nchi tu. Vita vya ndani ya nchi, ambavyo ndivyo vilivyo vingi na ambavyo watu wa Maziwa Makuu wanavijua kuliko vingine, viliachwa nje. Serikali na waasi wake, waasi na wanavijiji: wote walikuwa bado upande wa pili wa mlango.

Mlango huo ulifungwa Kampala. Mwaka 2010 nchi wanachama wa mahakama zilikutana Munyonyo, ukingoni mwa Ziwa Victoria, katika hoteli yenye jina la Speke. (Mtu angebuni jina hilo kwenye riwaya, mhariri angelifuta.) Ajenda kubwa ilikuwa kosa la uvamizi, na wanahabari waliandika kuhusu hilo. Pendekezo la Ubelgiji kuhusu risasi lilipita tarehe 10 Juni kwa makubaliano ya wote, bila makelele. Kwa nchi zinazoridhia marekebisho yale, kumpiga adui wa ndani kwa risasi inayotanuka ni uhalifu kama ilivyo kwa adui wa nje. Miaka 111 baada ya Hague, safari hii Afrika ikiwa mwenyeji na wajumbe wake wakiwa mezani.

Wakati wa maandalizi palikuwa na wasiwasi mmoja. Polisi wa nchi nyingi hutumia risasi zinazotanuka hadi leo, na wana sababu inayoeleweka: zinabaki ndani ya anayepigwa, hazipiti kumjeruhi mpita njia au mateka nyuma yake. Sheria za vita haziwagusi polisi wakati wa amani, kwa hiyo dola inaweza kumpiga raia wake kwa risasi isiyoruhusiwa kumpiga nayo askari wa adui. Wajumbe hawakutaka kuwatia hatiani waokoaji wa mateka, na wakaweka maneno ya ufafanuzi kwenye azimio lao: ni kosa pale tu risasi hizo zinapotumiwa ili kuzidisha mateso au jeraha bila faida.

Nimelisoma fungu hilo mara nyingi nikijiuliza Ardagh angelipokeaje. Nadhani asingelipinga. Hakuwahi kusema kwamba anataka mateso. Alisema anataka mtu aanguke. Sura yangu ya mwisho inaanzia hapo, na msimamizi wangu anataka kurasa 30 kabla ya Septemba.